Bega Lililozoea Kutoka

Mavuno ya mpunga yakianza hapa Mwamkulu, na lumbesa zikaanza kupandishwa kwenye fuso, vijana huingia zahanati mkono mmoja ukiwa umeubeba mwenzake. Hawana haja ya kujieleza. Mviringo wa bega umebonyea, na chini ya ncha ya mfupa kidole kinazama. Kwanza nagusa ngozi ya nje ya bega, nijue kama ina hisia, maana mshipa wa fahamu wa hapo huumia kirahisi. Kisha Mpanda, kwa eksirei.

Kulirudisha bega si kazi ya kuvutana. Njia mojawapo ni kumlaza mgonjwa kifudifudi, mkono ukining'inia ukingoni mwa kitanda na uzito wa kilo chache; misuli ikilegea, mfupa hurudi.

"Imeisha, daktari?"

Kwa kijana wa miaka 20, mara nyingi haijaisha. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kama chungwa juu ya kisahani. Kinachokizuia kisiporomoke ni ukingo laini na kano zake. Ukingo huo ukibanduka, bega huzoea kutoka, hata kwa kujigeuza kitandani. Bankart, daktari Mwingereza, alilieleza jeraha hilo mwaka 1923. Leo hushonwa kwa matundu madogo: kamera huingia tundu moja, vyombo jingine, na vinanga vyenye nyuzi huurudisha ukingo kwenye mfupa.

Watu husifu udogo wa kovu. Mimi nauliza bega litakuwaje mwaka wa kumi. Kati ya walioshonwa hivyo na kufuatiliwa miaka 10 na zaidi, takriban 3 kwa kila 10 bega lililegea au kutoka tena. Siri kubwa iko kwenye mfupa. Mwaka 2000, Burkhart wa Marekani na De Beer wa Cape Town walitoa matokeo ya wagonjwa 194: kwa wasiopoteza mfupa mwingi tatizo lilirudi kwa asilimia 4, kwa waliopoteza, asilimia 67. Hao huhitaji kuongezewa kipande cha mfupa. Na kila bega likitoka, mfupa unaweza kusagika zaidi, kwa hiyo yule anayevutwa na jirani kila msimu anajimaliza.

Kwenye rufaa naandika umri na limetoka mara ngapi. Nawashauri waende mpunga ukishaingia ghalani: baada ya upasuaji mkono hukaa kwenye kombeo wiki kadhaa, na magunia husubiri kama miezi 6.