Homa ya safarini: Pima kwanza, dozi imalizike

SOKO la mpakani halimsubiri mgonjwa. Mchuuzi wa maharage anayeamka na homa Mutukula, kwenye mpaka wa Tanzania na Uganda, huwaza mzigo uliokwishapakiwa kabla ya kuwaza mwili wake. Anapita duka la dawa, anasema ana malaria, anauziwa vidonge na kuendelea na safari.

Hapo hasara huanza. Si kila homa ni malaria. Homa ya mapafu na taifodi nazo huanza kwa joto la mwili. Ndiyo maana tangu 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidole, na majibu hutoka kwa takriban dakika 20. Hakitegemei umeme wala maabara, hivyo hutumika hata kwenye zahanati za vijijini. Nchini Rwanda, wahudumu wa afya wa jamii hupima na kutibu malaria hukohuko vijijini.

Kwa msafiri kuna jambo la ziada. Kipimo hicho hutambua protini ya vimelea, ambayo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Aliyetibiwa Bukoba wiki iliyopita anaweza kupimwa Masaka akaonekana bado ana malaria. Asiposema kuwa alishatumia dawa, huenda akapewa dozi nyingine huku ugonjwa halisi ukiachwa. Inafaa atunze cheti na pakiti ya dawa, ataje tarehe aliyoanza kumeza, na aulize kama kuna kipimo cha hadubini.

Dawa mseto ya ALu kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kila mara, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta. Wengi hupata nafuu mapema, kisha vidonge vilivyobaki huwekwa kwa ajili ya safari ijayo au hugawiwa mwenzao. Vimelea vilivyosalia huweza kuurudisha ugonjwa.

Madhara yake hayaishii kwa mgonjwa mmoja. Usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, umethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania, ukiwamo Mkoa wa Kagera. Dawa hizo bado zinatibu, kwa kuwa kiungo cha pili husaidia kuua vimelea. Lakini vimelea sugu husafiri na watu, na forodha haiwezi kuvizuia.

Anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa, anayepata degedege au kushindwa kusimama asipelekwe dukani. Huyo ni wa hospitali, saa hiyohiyo, upande wowote wa mpaka ulio karibu.