Kagua Viungo Vilivyochomelewa Kabla Havijakatika

Watumiaji wengi wa Kilwa na Lindi hudhani kuwa chuma hukatika kwa sababu ya mzigo mmoja mkubwa. Mara nyingi sivyo. Keria ya pikipiki inayobeba magunia ya ufuta, au kishikizo cha injini ya boti iendayo Songo Songo, hutikiswa maelfu ya mara kwa siku. Kila mtikisiko huweza kukuza kidogo ufa unaoanzia ukingoni mwa mchomeleo, na chumvi ya bahari huuharakisha. Hata titani, metali isiyoliwa na maji ya bahari, huwa rahisi kuvunjika ikiwa hewa iliugusa mchomeleo ulipokuwa bado moto.

Tunawashauri yafuatayo:

1. Osha kiungo kwa maji yasiyo na chumvi, kikaushe, kisha kikague penye mwanga. Mstari mwembamba wa kutu au rangi iliyopasuka huashiria ufa.
2. Ukiona ufa, usikitumie chombo hicho.
3. Usikubali ufa ufunikwe kwa mchomeleo mpya. Fundi ausage kwanza mpaka uishe, ndipo achomelee.
4. Dai risiti inayoeleza kazi iliyofanyika.

Injini ikichomoka katikati ya mkondo, risiti haitamwokoa abiria. Kagua kabla ya kuondoka.