Wajumbe Sita wa Kusadikika Warudi kwa Watoto

Mtoto wa darasa la tano jijini Dodoma ameiona treni ya umeme ikiingia kutoka Dar es Salaam tangu mwaka 2024. Simu ya mzazi wake inajibu maswali kwa Kiswahili. Lakini akitafuta kitabu cha hadithi kinachomwuliza dunia ya kesho itakuwaje, mara nyingi anaishia kwa sungura na fisi. Hao tunawapenda, ila peke yao hawatoshi.

Wamarekani walilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 1956 Jay Williams na Raymond Abrashkin walianzisha mfululizo wa Danny Dunn, kijana anayeishi nyumbani kwa profesa mvumbuzi. Hadi 1977 vilikuwa vimetoka vitabu 15. Katika kile cha 1958, Danny na wenzake wanaiachia kompyuta kazi zao za nyumbani, kisha inabainika kwamba ili kuiandaa ijibu, wamelazimika kusoma sana. Katika kile cha 1974 kuna kidude chenye umbo la kereng'ende, kinachoongozwa kwa mbali na kinachoweza kupeleleza watu. Mitambo ya vitabu hivyo imezeeka. Maswali yake yako hai, na mwalimu anayesahihisha insha iliyotungwa na akili mnemba anayajua vizuri. Anayefufua vitabu vya namna hii hubadilisha jalada na michoro, swali hulihifadhi.

Sisi tuna cha kufufua? Mwaka 1951, miaka sita kabla Wasovieti hawajarusha Sputnik, Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha uanasheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu na chini. Kila mmoja alifika nchi ngeni, akajifunza mema, akarudi nayo, akaadhibiwa.

Roketi humo hamna. Kuna safari ya kwenda ulimwengu mwingine ili kuukosoa huu tulio nao, na huo ndio uti wa mgongo wa hadithi za kisayansi kokote zinakoandikwa. Tena mwandishi ametuachia mfululizo tayari: wajumbe sita, vitabu vidogo sita.

Kitabu chenyewe kimezoeleka mikononi mwa wanafunzi wa sekondari, na lugha yake ni ya mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka kumi, hotuba za mahakamani zifupishwe na safari zirefushwe. Mjumbe apewe umri, woga na njaa. Adhabu isiondolewe, maana mtoto lazima aulize kwa nini aliyeleta maarifa anafungwa.

Kazi hiyo ingeweza kuanzia Chimwaga. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichopo hapo, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina wanafunzi wa Kiswahili na wa kompyuta kwenye kilima kimoja; wa kwanza waandike, wa pili wawaeleze setilaiti inavyobaki angani. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, imewapa watunzi sababu ya kukamilisha miswada.

Waanze na mjumbe aliyetumwa juu. Watoto wanaotazama mpira kwa setilaiti watakuwa na mengi ya kumwuliza.