Hita ya Gesi Inapogoma Mlimani

Katika miezi ya Juni na Julai, ukungu unapoulalia mlima na migomba ya Kibosho na Machame ikidondosha maji mchana kutwa, kuoga kwa maji ya bomba ni adhabu, na kwa sababu hiyo baadhi ya nyumba ambazo zamani zilitegemea sufuria la maji lililoinjikwa kwa kuni sasa zimefunga ukutani hita ndogo ya gesi, ile inayopasha maji papo hapo yanapopita ndani yake. Ni chombo chenye manufaa makubwa, na ubovu wake aghalabu ni mdogo; lakini inapogoma, mwenye nyumba hukimbilia kuulaumu mtungi, ilhali kwa maoni yangu jambo la kwanza la kutazamwa huku mlimani ni maji.

Hita hii huamshwa na maji yenyewe. Ukifungua koki ya bafuni, nguvu ya maji husukuma kiwambo cha mpira kilichomo ndani, nacho kikaifungulia gesi njia na kuamsha cheche. Basi maji yakiwa dhaifu, hutasikia lolote hata mtungi ukiwa umejaa pomoni. Simtanki lililopanda mita moja tu juu ya bomba la kuogea halina nguvu ya kuziridhisha hita nyingi, na dawa yake ni kulipandisha. Pia kuna tope: wakati wa masika maji ya mserereko, na hasa yanayotokana na mifongo, yaani mifereji ya jadi ya huku mlimani, hubeba mchanga mwembamba na vipande vya majani, ambavyo hujikusanya katika kichujio kidogo cha waya pale maji baridi yanapoingilia. Funga maji, fungua nati, kitoe kichujio, ukisugue kwa mswaki mkuukuu. Mara nyingi ugonjwa wote huishia hapo.

Maji yakiwa na nguvu na cheche zisisikike, badilisha betri. Cheche zikisikika na moto usishike, ndipo uutazame mtungi, koki yake na regulata. Kuna kasoro nyingine inayowatatiza wengi, nayo ni maji kuanza yakiwa ya moto kisha yakawa vuguvugu: hita hula gesi kwa kasi zaidi kuliko jiko, na gesi ya majimaji inapogeuka kuwa mvuke huupoza mtungi, hivyo mtungi wa kilo 6, katika baridi ya Marangu, hushindwa kutoa mvuke wa kutosha. Tumia wa kilo 15 au 38, wala usithubutu kuupasha mtungi moto.

Gesi kwa asili haina harufu. Hutiwa dawa inayonuka makusudi, ili ikivuja tutanabahi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kutuama. Ukiinusa, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi yoyote. Na maungio yapimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Lakini lililo zito kuliko yote ni rangi ya moto. Moto salama ni wa buluu. Ukigeuka wa manjano na kuacha masizi, ni ithibati kwamba gesi haiungui sawasawa. Na mwinuko nao huchangia: mji wa Moshi uko mita 800 na ushei juu ya bahari, ilhali lango la Marangu linakaribia mita 1,900. Kwenye mita 1,500 hewa imepungua kwa kiasi cha asilimia 15, na hita iliyopangwa kwa ajili ya pwani huweza kukosa hewa, ndiyo maana fundi hana budi kuirekebisha. Mwako mbovu huzaa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, nasi wakati wa baridi hufunga kila dirisha. Kwa hiyo hita isifungwe ndani ya bafu abadan, na bomba lake la moshi litoke nje ya ukuta, lisizibwe na viota vya ndege.

Mtu akitoka kuoga akiwa na kizunguzungu, kichwa kikimuuma na kichefuchefu kimemshika, mtoeni nje kwenye hewa safi, zimeni hita, kisha mumpeleke hospitali, Mawenzi au KCMC, mkamweleze daktari waziwazi kwamba nyumbani mnatumia hita ya gesi, kwani dalili hizo hufanana mno na za malaria.