UZI: Skrinshoti ya seva inathibitisha nini hasa?

Wadau, mmeziona hizo picha. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, mstari mmoja umezungushiwa duara jekundu, na juu yake: "Seva imeingiliwa saa nane usiku kutoka ng'ambo!" Kabla mtu anayejua kuisoma hajaifikia, kambi moja ishaisambaza na nyingine ishaitukana. Hebu tuitazame picha yenyewe kwanza.

Mistari hiyo huitwa logi. Ni daftari ambalo kompyuta hujiandikia, kama lile la soja wa getini: nani alibisha, saa ngapi, akafunguliwa au akakataliwa. Hapo kwa kukataliwa ndipo watu huruka. Seva yoyote iliyo kwenye intaneti hubishiwa usiku na mchana na roboti za kila aina. Kubisha si kuingia, na kuingia si kubadilisha matokeo. Kila hatua inataka ushahidi wake.

Halafu anwani ya IP. Inakuonyesha mtambo uliotumika, haikuonyeshi aliyekalia kiti. Mtu wa Kasarani akiwasha VPN anaweza kuonekana yuko Uholanzi. Kinyume chake pia kinawezekana, kwa hivyo hata anwani ya hapa nyumbani isikutulize haraka.

Na saa je? Seva nyingi huandika saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. "02:00" kwenye logi kama hiyo ni saa kumi na moja alfajiri kwetu. Hadithi nzima ya "usiku wa manane" inaweza kuishia hapo.

Sasa kesi zetu wenyewe, maana tunazo mbili nzuri.

2017, Mahakama ya Juu iliagiza IEBC iwaruhusu walalamishi kuangalia logi za seva, kusoma tu bila kugusa kitu. IEBC haikutii kikamilifu. Majaji wengi wakaihesabu hiyo dhidi yake, na Septemba 1 uchaguzi wa urais ukafutwa. Mimi naona ni sawa kabisa: mwenye daftari akikataa kulifungua, huko kukataa kwenyewe kuna uzito.

2022, kelele zilezile. Ila safari hii ukaguzi ulifanyika chini ya msajili wa mahakama, na uamuzi wa Septemba 5 ukasema baadhi ya logi zilizoletwa mahakamani zilikuwa ama za uchaguzi wa 2017 ama ghushi kabisa. Hizo ziliambatanishwa na hati za kiapo, jamani, si za kurushiana WhatsApp tu!

Ndiyo maana mtu akinitumia skrinshoti namuuliza: faili kamili iko wapi? Imetoka mashine gani, na nani aliitoa? Kuna mtu wa upande mwingine anayeruhusiwa kuikagua? Wengi hunyamaza hapo.

Na mara nyingine logi hata si mahali pa kuanzia. Dai kubwa la 2022 lilikuwa kwamba Fomu 34A zilinaswa njiani na kubadilishwa kabla ya kuwekwa kwenye tovuti ya umma. Lakini fomu hiyo ni karatasi. Maajenti wana nakala zao, na nyingine hubandikwa kituoni. Zilipolinganishwa zile za tovuti na zile za karatasi zilizofikishwa Bomas, haikupatikana tofauti ya maana.