Kufunga au Kuoanisha? Istilahi za Kanopi ya Pikapu katika Ngara na Biharamulo

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, kazi ya istilahi imekuwa miongoni mwa kazi zake kubwa. Aghalabu watu hudhani kuwa istilahi huhitajika vyuoni, mahakamani na katika maabara tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fundi wa gereji, naye afanyaye kazi chini ya mwembe, aweza kupata hasara au faida kwa sababu ya neno moja.

Tulipozuru wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, tulikuta shauri lifuatalo. Mwenye pikapu mmoja alinunua kanopi iliyokwisha kutumika, iliyotolewa katika gari la aina nyingine. Akapatana na fundi, kwa maandishi, kwamba kazi ni “kufunga kanopi”. Fundi alipoipandisha aliona kuwa ni fupi kuliko bodi kwa vidole vinne, na kitako chake hakikufika ukingoni. Alikata vyuma, akachomelea, akaziba mapengo. Siku tatu zikapita. Alipodai nyongeza, mwenye gari alisema, “Fundi, tulikubaliana kufunga.” Fundi akajibu, “Mzee, kufunga ni kazi ya saa mbili. Hii nimeishona upya.”

Kwa maoni yetu wote wawili walisema kweli. Kosa lilikuwa katika neno walilotia sahihi.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini kitu hiki kina umuhimu katika sehemu hizo. Barabara kuu itokayo Isaka na Kahama hupita Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Nje ya lami hiyo njia nyingi ni za changarawe: kiangazi vumbi jekundu, masika matope. Pikapu iliyo wazi haiwezi kupeleka dawa, mbegu, saruji au daftari za shule bila kuviharibu. Zaidi ya hayo, mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi kama robo milioni kutoka Rwanda walivuka Rusumo katika muda wa siku moja hivi, na mashirika mengi ya misaada yakaleta magari Ngara. Kambi kubwa kupita zote iliitwa Benako, jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara hapo kabla. Basi wenyeji wa huko wanajua vizuri jinsi jina la kigeni liwezavyo kuota mizizi likawa la nyumbani.

Tuje sasa kwenye jina la kitu chenyewe. Kuna vitu vitatu ambavyo huchanganywa. Cha kwanza ni kitambaa kizito kinachotandazwa juu ya vyuma; hicho ni turubai, wala hakina shida. Cha pili ni ubao au bati linalolala juu ya bodi bila kuinuka. Cha tatu ni paa gumu la bati au faibaglasi, lenye mbavu, madirisha na mlango wake wa nyuma, linalofika usawa wa kabini au kulipita. Neno “kifuniko” hutumika kwa vyote vitatu, kwa hiyo halimsaidii mtu anayeagiza kitu kutoka Mwanza au Dar es Salaam.

Kanuni yetu ya kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tuende kwingine. Tulijaribu. “Chandarua” kwa asili lilitumika pia kwa kitambaa cha kutilia kivuli, lakini leo atakayelisikia atafikiri mbu na malaria. “Msonge” ni nyumba ya duara, na kitu chetu kina pembe nne. “Kibanda” lina sura nzuri, ila ni duka, ni jiko, ni makazi ya mlinzi. Maadamu mafundi wenyewe husema “kanopi”, na neno limekwisha kupata irabu na kanopi moja haitofautiani na kanopi kumi, tunapendekeza libaki kwa kitu cha tatu. Cha pili kiitwe kifuniko bapa.

Kwa sehemu zake, kinyume chake, Kiswahili kina maneno ya kutosha. Sehemu ya pikapu inayobeba mzigo ni bodi. Mahali pa juu pa ubavu wa bodi, ambapo kanopi hukaa, ni ukingo. Sehemu ya chini ya kanopi inayokalia ukingo ni kitako. Chuma kinachobana kitako na ukingo pamoja bila kutoboa ni kibanio. Mpira ulio kati yao ni mpira wa kuzibia. Bawaba na komeo tumeyarithi kutoka milangoni mwetu.

Kwa istilahi hizo kazi yenyewe yaelezeka kwa ufupi. Fundi hupima urefu wa bodi, kisha upana wa nje wa kingo, mbele na nyuma, maana bodi nyingine si sawa pande zote. Kitako kikiwa chembamba, huongezwa chuma cha mraba juu ya ukingo. Kanopi ikiwa fupi, huunganishwa kipande mbele. Hapana budi kuacha pengo kati ya kanopi na kabini, kwa sababu njiani bodi na kabini hucheza kila moja kwa namna yake. Zikifungwa pamoja, kimoja kitapasuka. Tundu lolote lililotobolewa hupakwa rangi lisishike kutu.

Mapengo ya nyuma ndiyo ya hatari. Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake huvutwa ndani, pamoja na vumbi na moshi wa ekzosi. Katika moshi huo mna kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Kwa hiyo mpira wa kuzibia si pambo, na mtu, hasa mgonjwa, asilazwe ndani ya kanopi kana kwamba ni gari la wagonjwa.

Sasa twaweza kurudi kwenye lile shauri. Tunapendekeza “kufunga” litumike pale kanopi ilipotengenezwa kwa gari lile lile, na “kuoanisha” pale inapobadilishwa ili ikubali gari jingine. Kila neno liwe na bei yake katika mapatano. Tulipowaeleza wale wawili, fundi alicheka, akasema ndoa hiyo ilimgharimu fimbo nzima ya kuchomelea. Mwenye gari alilipa nusu ya nyongeza.

Mapendekezo haya si amri. Mafundi na wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa kutoka Kihangaza, Kishubi na Kizinza, wanaombwa wayalete Barazani yazingatiwe.