Usihesabu 11 peke

Mbele ya mechi kubwa ya fakulte, hapa Uvira tunabishana tu juu ya wale 11 wa kwanza. Benchi je? Tangu 2022 sheria inaruhusu kubadilisha wachezaji 5, karibu nusu ya timu.

Chukua karatasi: kila fasi andika majina mawili, wa kuanza na wa akiba. Jina likirudi fasi mbili, hapo ndipo iko tundu.

Mechi haisemi itamdai nani. Tarehe 28/1/2024 Kongo yetu ilitoa Misri kwa penalti 8-7. Ile ya mwisho ilifungwa na kipa, Lionel Mpasi.

Mkulima akimaliza mbegu yote shambani, mvua ikikatika, atapanda tena nini?